Madirisha Tuliyoyafunga Tena

Jioni ya tarehe 10 Machi 2020, siku moja kabla Shirika la Afya Duniani (WHO) halijatangaza kwamba korona imekuwa janga la dunia nzima, wanakwaya 61 wa Skagit Valley, katika jimbo la Washington nchini Marekani, walikutana kwa mazoezi yao ya kila wiki. Hawakuwa wazembe. Walipaka kitakasa mikono, wakajizuia kukumbatiana. Kisha wakaimba ndani ya ukumbi kwa saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili zilizofanana na mafua ya kawaida. Hesabu ilipofungwa, watu 53 kati ya wale 61 walikuwa wameugua, na wawili kati yao wakafariki.

Wanakwaya wale walitii yote yaliyokuwa yakisemwa wakati huo, na mikono yao ilikuwa safi. Kilichowapata kilikuja kwa hewa waliyoivuta pamoja. Ninapojiuliza ni yapi ya miaka ile tubaki nayo na yapi tuyaache, narudi kwao kila mara, kwa sababu somo lao ndilo tulilolipata kwa gharama kubwa kuliko yote na ndilo tulilolitupa upesi kuliko yote.

WHO ilitangaza mwisho wa dharura tarehe 5 Mei 2023. Kufikia siku hiyo watu wengi walikuwa wamekwisha kurudi kwenye shughuli zao, lakini maisha waliyoyarudia hayakuwa yale ya mwaka 2019. Kuna mambo yaliyobaki na kuna yaliyopotea, na sikumbuki tukiulizwa popote. Nikiyatazama naona mpangilio unaonisikitisha. Kilichobaki, kwa sehemu kubwa, ni kile kinachompunguzia kazi au gharama mwenye ofisi, mwenye shule, mwenye kampuni. Kilichopotea ni kile kilichokuwa kikimlinda mtu anayeingia mlangoni. Vikao vya mtandaoni vimebaki. Madirisha yamefungwa.

Niruhusu nikae kwenye hilo la madirisha kuliko mengine yote.

Tarehe 28 Machi 2020 WHO iliuandikia ulimwengu kwenye mitandao ya kijamii kwamba korona haisambai kwa hewa. Maelezo yaliyokuwa yakitolewa ni kwamba mgonjwa hutoa matone, matone ni mazito, huanguka chini ndani ya mita moja au mbili, basi kaa mbali kidogo, nawa mikono, safisha meza. Mwezi Julai mwaka huo huo Lidia Morawska na Donald Milton, wakiungwa mkono na wanasayansi 239, walichapisha barua ya wazi wakisema maelezo hayo hayatoshi. Mtu anapopumua, anapozungumza, na hasa anapoimba, hutoa pia chembe ndogo mno ambazo hazianguki. Huelea kama moshi wa sigara, hujaa chumbani, na hubaki hata baada ya aliyezitoa kuondoka. Aliyewahi kuingia kwenye chumba alichokuwamo mvutaji dakika tano zilizopita ameshalielewa jambo hili kwa pua yake mwenyewe.

Ilichukua muda mrefu kwa wakubwa kulikubali. Wakati huo sisi tulikuwa tunafuta vitasa, tunapulizia dawa kwenye mifuko ya sokoni, tunawanyunyizia watu viatu. Aprili 2021 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilieleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi ni chini ya mara 1 katika kila mara 10,000. Sisemi watu waache kunawa. Mikono michafu huleta kuhara na maradhi mengine mengi, na tangu Ignaz Semmelweis alipowataka madaktari wa Vienna wanawe mikono mwaka 1847, akashuhudia vifo vya wazazi wodini vikishuka, hakuna sababu ya kubishana na sabuni. Ninachosema ni kwamba tulitumia nguvu nyingi mahali ambapo adui hakuwepo, tukachoka, na alipoonyeshwa alipo hasa tulikuwa hatuna hamu tena ya kusikia.

Na maarifa yenyewe hayakuwa mapya. Mwanasayansi wa Marekani William Wells aliweka taa za mionzi ya urujuanimno (UV), inayoua vijidudu hewani, kwenye madarasa ya shule moja ya Philadelphia mwishoni mwa miaka ya 1930, na surua ilipolipuka mwaka 1941 madarasa yenye taa yalipata wagonjwa wachache kuliko yale yasiyo nazo. Katika miaka ya 1950 mwanafunzi wake, Richard Riley, alifanya jaribio Baltimore ambalo bado linanishangaza kwa urahisi wake: hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu ilipitishwa kwenye mabomba hadi kwenye vizimba vya simbilisi waliokuwa juu ya jengo. Simbilisi wale hawakumgusa mgonjwa yeyote wala kumkaribia. Walivuta hewa tu, wakaugua. Kundi jingine lilipewa hewa hiyo hiyo baada ya kupitishwa kwenye mionzi, nalo likasalimika.

Linganisha na maji. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba kipindupindu katika mtaa wa Soho, London, kilikuwa kikitoka kwenye pampu moja ya maji, na mpini wa pampu hiyo ukaondolewa. Walimwengu walichukua miaka mingi kumwamini, lakini walipoamini walichimba mifereji, wakajenga mabomba, wakaandika sheria. Leo maji ya bombani yakileta ugonjwa, watu wanamuuliza mwenye mamlaka ya maji. Hakuna anayemwambia mnywaji kwamba kama anaogopa aje na chujio lake mfukoni. Kwenye hewa ndivyo tunavyoambiana hadi sasa: kama unaogopa, vaa barakoa. Mzigo wa jengo zima umewekwa usoni pa mtu mmoja.

Hewa inapimika, tena kwa urahisi. Nje, hewa ukaa ni takriban sehemu 420 katika kila sehemu milioni. Kwa kuwa kila mtu huitoa anapopumua, ikipanda sana ndani ya chumba maana yake ni kwamba mnavuta pumzi zenu wenyewe. Ikipita 1,000 chumba kinahitaji hewa mpya. Kipimo chake hutoshea kiganjani na hakihitaji mtaalamu. Mwaka 2020 Richard Corsi na Jim Rosenthal walionyesha kwamba feni ya kawaida, vichujio vinne na utepe wa gundi vinatosha kutengeneza mashine ya kusafisha hewa ya darasa, kazi ambayo wanafunzi wenyewe wanaiweza. Mwaka 2023 chama cha wahandisi wa mifumo ya hewa majengoni, ASHRAE, kilitoa kiwango namba 241, kinachosema jengo lisafishe hewa kiasi gani ili kupunguza maambukizi. Maarifa tunayo, vifaa tunavyo, na kiwango kimeshaandikwa. Lakini kiwango si sheria mpaka mtu akifanye kuwa sheria, na hapo ndipo pametulia kimya.

Najua pingamizi. Kuna miji ambayo kufungua dirisha ni kukaribisha moshi wa magari na viwanda. Kuna majira ya baridi kali, kuna kelele, kuna mbu. Ndiyo maana nataja vichujio na siishii kwenye dirisha. Kichujio kizuri hunasa vumbi la barabarani sawasawa na kinavyonasa chembe za pumzi. Lakini vyumba vingi ninavyoingia havina udhuru wowote kati ya hivyo. Mwaka 2021 madirisha yake yalikuwa wazi na kulikuwa na karatasi ukutani inayosema yasifungwe. Karatasi imebanduliwa, alama ya gundi ipo, dirisha limefungwa, na watu arobaini wamekaa ndani wanasinzia.

Kuhusu barakoa sina mengi. Naiona ikibaki hospitalini, kwenye vyumba vya wagonjwa dhaifu, na kwa mtu mwenye kikohozi anayelazimika kupanda gari la abiria. Aliyeamua kuivaa mahali pengine popote asitazamwe vibaya, maana humjui ana nini au anamuuguza nani. Kwingineko kulazimishana kumekwisha muda wake.

Na anayesema hatua zile zote hazikufaa kitu, namwomba aitazame homa ya mafua. Katika msimu wa 2020 hadi 2021 ilikaribia kutoweka duniani. Ukoo mmoja wa virusi vyake, unaoitwa B/Yamagata, haujathibitishwa kuonekana tena tangu Machi 2020, na Septemba 2023 wataalamu wa WHO walisema hakuna tena haja ya kuuweka kwenye chanjo. Aina ya ugonjwa iliyokuwa ikizunguka kwa miongo ilikatika kwa sababu watu walipunguza kupumuliana. Hatuwezi kuishi vile tena, wala sitaki. Lakini tumeona kwamba mafua hayakuandikwa kwenye mapaji ya nyuso zetu.

Hapo ndipo linapokuja jambo la pili ambalo naumia kuona limetuponyoka: ruhusa ya kuugua. Kabla ya 2020, mtu aliyefika kazini akikohoa, macho mekundu, tulimsifu kwa kujikaza. Kwa muda wa kama miaka miwili tulimtazama mtu huyo huyo tukamwambia rudi nyumbani, unatuhatarisha. Ghafla kujikaza kukawa ni kukosa adabu. Lilikuwa badiliko kubwa la mawazo, na lilikuwa sahihi. Sasa tumerudi kusifiana. Na kwa wale wanaolipwa kwa siku halikuwahi kuwa jambo la mawazo hata kidogo. Wao hujikaza kwa sababu asiyefika halipwi. Kumwambia mtu huyo apumzike bila kumhakikishia ujira wa siku hiyo ni kumtupia lawama iliyo ya mwajiri. Likizo ya ugonjwa yenye malipo, kwa kila mfanyakazi pamoja na kibarua, ingezuia maambukizi mengi kuliko chupa zote za vitakasa mikono zilizoachwa milangoni zikakauka.

Kuna kitu kingine hapa ambacho hakizungumzwi. Kufanya kazi nyumbani, pamoja na uzuri wake, kumeila ile siku ya ugonjwa. Zamani mwenye homa aliyebaki kitandani alibaki kitandani. Leo anaambiwa asijisumbue kuja, ila aingie kwenye kikao cha saa nne. Kamera si lazima aiwashe. Anaugua na anafanya kazi kwa wakati mmoja, na jioni hajapona wala hajamaliza kazi.

Sisemi haya kuipinga kazi ya nyumbani. Ushahidi wake ni mzuri kuliko wanavyotaka kukubali wakubwa wengi wa kazi. Kampuni ya huduma za safari ya Trip.com, huko Shanghai, iliwagawa wafanyakazi 1,612 kwa kufuata tarehe zao za kuzaliwa: kundi moja likawa ofisini siku zote tano, jingine likabaki nyumbani siku mbili kwa wiki. Jaribio liliendelea kwa miezi sita katika miaka ya 2021 na 2022, na matokeo yake yakachapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2024. Utendaji haukushuka. Walioacha kazi katika kundi la nyumbani walipungua kwa theluthi moja, na waliofaidika zaidi walikuwa wanawake, wasio mameneja na wanaosafiri mwendo mrefu kwenda kazini. Mameneja wenyewe, ambao mwanzoni walidhani tija ingeshuka, walibadili mawazo. Siku mbili kwa wiki. Ni mapatano ya kawaida kabisa, na kuyafuta kwa amri ya siku moja, kama zinavyofanya kampuni nyingi, ni kujidhuru.

Kinachopaswa kuachwa ni ile dhana iliyokuja imeshikana nayo, kwamba mtu mwenye simu yuko kazini. Meza ya chakula ilipogeuka ofisi, ujumbe wa saa nne usiku ukawa jambo la kawaida, na ofisi zilipofunguliwa ujumbe ule haukurudi nazo. Ufaransa ilikuwa na sheria ya haki ya kujitenga na simu ya kazi tangu Januari 2017. Ureno ikawakataza waajiri kuwasumbua wafanyakazi nje ya saa za kazi mwishoni mwa 2021, na Australia ikafuata Agosti 2024. Si anasa. WHO na Shirika la Kazi Duniani zilikadiria kwamba mwaka 2016 pekee watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Hesabu hiyo ni ya kabla ya korona, kabla chumba cha kulala hakijawa chumba cha mikutano.

Lakini katika habari hii ya kazi, wanaonikaa moyoni ni watu wenye ulemavu. Kwa miaka mingi waliomba kusoma na kufanya kazi kutoka nyumbani. Waliambiwa mifumo hairuhusu, usalama wa nyaraka hauruhusu, mhadhara haurekodiwi, ndivyo utaratibu ulivyo. Machi 2020 yote yakawezekana ndani ya wiki moja, kwa sababu safari hii wenye haja walikuwa ni sisi. Mihadhara ikarekodiwa, mikutano ikawekewa maandishi, daktari akasikiliza kwa simu. Mtu ambaye kupanda ngazi za jengo moja kulimchukua nguvu za siku nzima akaketi mkutanoni sawa na wenzake. Kisha tulipoweza kutoka tena, mlango ule ukafungwa mahali pengi, na majibu yakawa yale yale ya zamani. Wanajua sasa kwamba majibu yale hayakuwa ya kweli. Hilo ningelirudisha kesho asubuhi, kabla ya mengine yote niliyoyataja.

Shule ni kinyume chake. Aprili 2020, kwa hesabu za UNESCO, wanafunzi karibu bilioni 1.6 katika nchi zaidi ya 190 walikuwa nje ya madarasa. Walimu walijitahidi, na waliofundisha kwa redio, kwa simu na kwa karatasi zilizopelekwa mlango kwa mlango wanastahili heshima yetu. Lakini UNICEF na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano zilieleza mwishoni mwa mwaka huo kwamba theluthi mbili ya watoto na vijana wa miaka 3 hadi 17 hawakuwa na intaneti nyumbani. Kwa hao, shule ya mtandaoni ilikuwa ni kutokuwa na shule. Nchini Uganda shule zilizofungwa Machi 2020 hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, na kuna watoto walioondoka darasani wakiwa watoto wakafika siku ya kufunguliwa wakiwa vibarua au wazazi. Hata penye intaneti nzuri, mtoto wa miaka saba hajifunzi kusoma kwa kutazama kisanduku chenye uso wa mwalimu. Kwa hiyo ninaposikia mipango ya kufunga shule kwa siku kadhaa na kuhamia mtandaoni kila inapotokea shida yoyote, kana kwamba sasa tuna njia mbadala, nafadhaika. Hatuna. Ikija dharura nyingine, shule ziwe za mwisho kufungwa na za kwanza kufunguliwa, na hapo hewa ya darasa inarudi kuwa swali la kwanza.

Ufuatiliaji wa watu kwa simu nao uachwe, na kwa hili naweza kuwa mfupi. Singapore iliwaambia wananchi kwamba taarifa za programu ya TraceTogether zingetumika kufuatilia maambukizi tu. Januari 2021 serikali ikakiri kwamba polisi nao wanaweza kuzichukua kwa upelelezi wa makosa ya jinai, na mwezi uliofuata ikapitishwa sheria ya kuyawekea mipaka matumizi hayo. Ilikuwa serikali iliyokiri hadharani. Kila mfumo wa namna hiyo uliojengwa kwa dharura unapaswa kuwa na tarehe ya kufutwa iliyoandikwa siku unapoanzishwa.

Limebaki moja, ambalo nimelichelewesha kwa sababu ni zito kwangu kuliko mengine.

Shangazi yangu alifariki katika miezi ile. Hospitali haikuruhusu mgeni hata mmoja. Muuguzi mwenye huruma alimshikia simu sikioni, tukaongea naye kwa zamu, watu sita, kila mmoja akijitahidi sauti isimkatike. Hatujui kama alisikia. Muuguzi aliposema sasa tupumzike kidogo, tulielewa. Mamilioni ya watu waliagana hivyo, au hawakuagana. Kwa makadirio ya WHO, katika miaka ya 2020 na 2021 vifo vilizidi idadi iliyotarajiwa kwa takriban milioni 14.9 duniani kote, na nyuma ya kila kifo kuna jamaa aliyekuwa amesimama upande wa nje wa mlango.

Wiki za mwanzo nazielewa. Vifaa vya kujikinga havikuwatosha hata wahudumu. Lakini zuio liliendelea hata vifaa vilipopatikana, hata chanjo ilipofika, na mahali pengine limeacha mazoea: saa za kuona wagonjwa zilizofupishwa hazikurefushwa, mgeni bado anahesabiwa kuwa kero. Muuguzi yule aliingia chumbani kwa shangazi mara nyingi kila siku akiwa amevaa kinga, akatoka mzima. Mtu mmoja wa familia angeweza kuvaa vile vile na kukaa naye. Ninataka hilo liandikwe kwenye kanuni za hospitali sasa, wakati hakuna dharura na watu wana utulivu wa kufikiri, ili lisiachiwe huruma ya zamu iliyopo usiku huo: mgonjwa anayekaribia kufa ana haki ya mtu mmoja wake kando ya kitanda, mwenye barakoa, glavu na gauni kama la muuguzi, na dirisha likiwa wazi.